Siku Niliyompelekea Mkwe Picha ya Mzee Mwenye Mizani

Naanza kwa kukiri ili msije mkasema nimeficha: kuna nyumba moja kule Edmonton, kaskazini mwa London, ambayo nikibisha hodi tu, watoto wa pale wananyoosha mikono pande mbili, wanaipandisha na kuishusha kama mizani, halafu wanajitupa kwenye zulia kwa kucheka, na mimi, mtu mzima mwenye mvi, mfanyakazi wa stesheni ninayeheshimiwa na abiria (baadhi), sina la kuwafanya kwa sababu aibu ile niliitafuta mwenyewe, nikailipia, nikaitia fremu, na nikaibeba kwenye treni mbili nikiwa nimeikumbatia kifuani isije ikavunjika kioo.

Sasa sikilizeni. Nina mpwa wangu anaitwa Fredi, mtoto wa dada yangu, amekuja huku mdogo, amesomea huku, kijana mpole, hana makuu. Mimi ni Mluguru, na kama hujui mambo yetu nikueleze kwa kifupi, kwetu mjomba ndiye mwenye neno, baba anaheshimiwa sana, anapewa kiti kizuri na kidari cha kuku, lakini linapokuja suala la kuoa mtoto wa dada, watu wote wanageuka kumwangalia mjomba. Kwa hiyo Fredi alipompata Bhoke, nesi, mtoto wa Kikurya aliyezaliwa hapa hapa London, hakwenda kwa baba yake, alikuja Woolwich kwangu, akakaa pale jikoni, akawa anazungusha kikombe cha chai bila kukinywa.

"Mjomba," akaniambia, "baba yake ni mgumu. Kuna jamaa mmoja alikuja kabla yangu, wakamrudisha mlangoni, just because mshenga wake alikaa kabla hajaambiwa akae."

"Mimi nitasimama mpaka miguu iote mizizi," nikamwambia.

"I'm serious, mjomba. Tukiharibu pale, sina pengine. It has to be her."

Nikamwangalia usoni nikaona kweli mtoto ameshikwa, na hapo moyo ukanijaa, nikajipiga kifua, nikamwambia niachie mimi. (Mama Neema, mke wangu, alikuwa anaosha vyombo, akaguna. Guno lile nililisikia vizuri ila nikajifanya sijalisikia.)

Huyo baba mwenyewe anaitwa Mzee Marwa, mtu wa Tarime, dereva wa basi mstaafu, mrefu, mwenye kitambi cha kueleweka na sauti ya kusimamisha gari, na Fredi alinidokeza siri yake moja: yule mzee anapenda sana picha za London ya zamani, zile za enzi za wafalme wanne waliofuatana wote wakiitwa Joji, zilizochapwa kwa bamba la shaba halafu zikapakwa rangi kwa mkono, kwa sababu ameendesha basi kwenye barabara hizo maisha yake yote na anafurahi kuona zilivyokuwa wakati wa farasi. "Mtafutie ya Edmonton ya zamani," Fredi akasema. "Just Edmonton, mjomba. Usiongeze kitu." Maneno mepesi kabisa, hata mtoto wa chekechea angeyabeba asiyamwage.

Basi, siku yangu ya mapumziko nikaenda mjini, kwenye kichochoro fulani kina maduka ya vitu vya kale, nikaingia kwenye duka dogo limejaa makabrasha ya picha mpaka mlangoni, mwenye duka mzungu mmoja mwembamba, sweta limetoboka viwiko, na kwa ukarimu wake huyo mzungu akanifungulia kabrasha la mandhari, akawa anazigeuza moja moja kwa ncha za vidole kama mtu anayegeuza chapati isichanike. Jamani, nilipagawa! Mto Thames umejaa matanga, daraja limebeba nyumba juu yake, Woolwich yetu ile ile ninayopita kila asubuhi na mfuko wa ndizi, ikiwa na vilima vitupu na mabaharia. Nilikuwa napiga kelele dukani, "Ona! Ona pale!" na mzungu naye amefurahi kupata mteja mwenye joto, kwa maana wengi, alisema, wanaingia kukimbia mvua.

Na Edmonton tukaipata! Ilikuwa imekaa vizuri, kanisa, uwanja wa majani, barabara ya vumbi, bwana mmoja na fimbo yake, na mbele kabisa, wakubwa, wamenona, wamegeuza nyuso kunitazama: ng'ombe.

Nikasimama.

Nikajiuliza, Deo, una akili? Unakwenda kuposa kwa Wakurya, watu ambao habari ya ng'ombe ndiyo habari yenyewe, watu watakaokuwa wamekaa pale wakisubiri mdomo wako utamke ng'ombe, halafu wewe unawafungulia karatasi ya dhahabu na ndani mna ng'ombe waliochorwa? Si watasema Waluguru wametuletea mahari kwenye fremu? Si yule mzee atanyanyuka aniulize hawa nikawachungie wapi? Nikaona kabisa Fredi anarudishwa mlangoni. Nikairudisha ile picha haraka, nikamwambia mzungu hii hapana, ina ng'ombe, naye akaniangalia kwa kutafakari lakini hakuuliza, nadhani alifikiri ni mambo ya dini.

Ndipo akanifungulia kabrasha la pili, lile la picha za watu. Na hapa niwaambie kwamba miwani yangu ilikuwa stesheni, kwenye kabati la kazini, ndani ya koti la kazi, na mimi ni mtu ninayeona mbali vizuri sana, basi likiwa nje ya kituo namba yake naisoma, lakini maandishi madogo ya karibu naona sisimizi wanatembea. Kwa hiyo niliona picha tu. Na picha niliyoiona, ndugu zangu, ilinifanya nishike kifua.

Katikati amekaa baba mmoja mheshimiwa, kitambi kimejaa kizibao chekundu mpaka vifungo vinalia, mashavu mazito mekundu, kichwani nywele za bandia nyeupe kama jaji, anatabasamu. Mapajani ana bakuli zuri la kaure. Mbele yake imening'inia mizani kubwa, upande mmoja amekaa msichana mzuri amevaa gauni jeupe, upande wa pili yamejaa magunia, na pembeni yupo kizee fulani mwenye mguu wa mti ameinama kwa unyenyekevu anaongeza gunia. Mbwa mdogo yupo. Na chini, kwa herufi kubwa ambazo hata mimi niliziona, imeandikwa kwa Kiingereza cha zamani maneno yenye maana ya Baba Mwenye Upendo.

Sasa niambieni mngeelewaje? Mimi nimekulia Morogoro. Kwetu mtu akiwa na kitambi namna ile ujue amekula akashiba na nyumba yake imeshiba, ndiye anayekaa meza kuu, ndiye anayeitwa mgeni rasmi. Mizani naijua, ipo mahakamani, ni haki. Msichana ndani ya mizani, nikasema, maana yake binti ana uzito wake, hapimwi na upepo. Magunia ni baraka. Kizee ni karani wa mizani. Na yule baba mwenyewe, wallahi, ni Mzee Marwa mtupu, mpaka mashavu! Vichwani mwao kulikuwa na mapovu yaliyojaa maandishi, mapovu marefu yanayotoka mdomoni, nikajua ni mithali na dua.

"Hii," nikasema. "Hii hii."

Mzungu akauliza ni zawadi ya nani. Nikamwambia, kwa fahari zote, ni ya baba mkwe mtarajiwa wa mpwa wangu, tunampelekea siku ya kuposa. Yule bwana akaniangalia, akaiangalia picha, akaniangalia tena, halafu akacheka, akacheka mpaka akashika ukingo wa meza, akafuta machozi kwa mkono wa sweta, akaniambia mimi ni mtu jasiri sana na kwamba zamani watu walikuwa wanajazana madirishani mwa maduka kuzitazama picha kama hizi. Na mimi, badala ya kumuuliza unacheka nini, nikacheka. Nikacheka kwa nguvu kumzidi, nikampigapiga begani, kwa sababu sikutaka mzungu aone kwamba kuna kitu sijaelewa. (Hapo ndipo ningeweza kupona. Swali moja tu, "Kwani anasema nini huyu mnene?" ningekuwa mtu mwingine leo.)

Nyumbani niliifunga kwa karatasi ya dhahabu niliyonunua soko la Woolwich, utepe juu, nikamkatalia Mama Neema hata kuchungulia. Fredi akapiga simu, "You got the Edmonton one, mjomba?" Nikamjibu, "Nimepata kubwa kuliko Edmonton, wewe lala." Akasema okay, kwa sauti ya mtu ambaye hajalala.

Siku ikafika. Mimi suti, Mama Neema kitenge, Fredi tai inamkaba, tukashuka Edmonton Green, tukatembea zile nyumba zilizoshikana moja na nyingine mpaka kwenye mlango wao, na humo ndani, ndugu zangu, palijaa! Mzee Marwa kwenye kochi lake, mkewe Mama Bhoke pembeni, dada yake Mzee, Shangazi Gati, aliyetoka Reading asubuhi hiyo makusudi, na watoto wa ndugu wamejipanga chini na simu zao. Na Mzee alikuwa amevaa, nawaapia, sweta jekundu la vifungo. Nilipoliona nikafurahi moyoni nikasema Mungu yupo.

Na mwanzo nilikuwa mzuri! Nisijinyime haki yangu. Nilisimama mpaka nilipoambiwa nikae, nikatoa shikamoo zote kwa mpangilio, nikazungumza ile lugha ya kuposa, kwamba tumepita njiani tumeona ua ndani ya ua, tumekuja kuuliza kama lina mwenyewe, Shangazi Gati akawa anatikisa kichwa kwa kuridhika, Mzee anasema "Mmh, mmh," na Bhoke yuko jikoni na wenzake, tunasikia tu sufuria na vicheko vya chinichini. Mzee akafikia hatua ya kusema, "Huyu mshenga mmemtoa wapi? Anajua kuongea." Fredi kwa mara ya kwanza wiki nzima akaegemea kiti.

Ningeishia pale. Zawadi kwa mila zetu inapokelewa, inashukuriwa, inapelekwa chumbani, mtu anaifungua mgeni akishaondoka, na laiti hilo lingefanyika, huenda ingefunguliwa tukiwa tumeshavuka mto kurudi kwetu. Lakini sifa zilikuwa zimenipanda kichwani, nikamkabidhi ile fremu kwa mikono miwili, nikasema, "Mzee, nakuomba uifungue hapa hapa, mbele ya wote!" Watoto wakashangilia, "Open it! Open it!"

Karatasi ya dhahabu ikachanika. Mzee akaishika picha mapajani, akaitazama. Na mimi sikumwachia nafasi ya kutazama peke yake, nikasimama.

"Mzee wangu, siku nilipoiona picha hii dukani, nilikuona wewe! Ona kitambi cha heshima! Ona mashavu ya neema! Huyu ni wewe, na huyu kwenye mizani ni binti yetu Bhoke!"

"Uncle," Fredi akasema kwa sauti ndogo. Alikuwa ameinama kutazama. "Uncle, sit down. Please."

Sikukaa. Nilidhani anaona haya.

"Na haya maandishi yanasemaje?" Mzee akauliza. Naye hakuwa na miwani, na yangu nilikuwa nimeisahau tena kazini. Dunia nzima siku ile haikuwa na miwani.

Mngefanyaje? Mtu mwenye akili angesema sijui. Mimi nikaweka kidole kwenye povu la yule mnene, nikafumba macho kidogo, nikatafsiri: "Hapa baba anasema, 'Binti yangu ni wa thamani kuliko dhahabu, nani awezaye kumpima?'" Watu wakapiga makofi. Wakapiga makofi! Mama Bhoke akapiga na kigelegele. Nikahamia kwenye kizee: "Na huyu karani anajibu, 'Hakika, mheshimiwa, mizani yangu imeshindwa.'" Makofi. "Na bakuli hili la kaure ni bakuli la karamu, kwa maana nyumba hii haikosi chakula." Nilikuwa natafuta cha kusema kuhusu mbwa ndipo Shangazi Gati akafungua mkoba wake, akatoa miwani yenye fremu ya waridi, akaivaa, akasema, "Lete niione na mimi, nimeipenda."

Akaisoma kimya. Midomo ikawa inacheza. Kisha midomo ikaacha kucheza.

"Marwa," akasema, "huyu mzee mnene hajasema hivyo."

"Amesemaje?"

"Amesema, 'Ongeza gunia jingine, bwana, binti yangu bado mzito.' Na hayo ni magunia ya fedha. Na huyu si karani. Huyu ndiye bwana harusi. Amejibu, 'Kwa bei hii ningepata na shamba.'"

Hata sufuria jikoni zilinyamaza. Mama Bhoke akasogea akachungulia, akaweka mkono mdomoni, akasema, "Na hilo bakuli si la karamu, baba. Hilo ni la chini ya kitanda."

Nikaangalia. Na sasa kwa kuwa nimeambiwa, nikaona. Nikaona tabasamu la yule mnene lilikuwa tabasamu la mlafi. Nikaona vifungo vya kizibao, mashavu, wekundu wote ule, mchoraji alikuwa anamcheka, kila mstari wa mkono wake ulikuwa unamcheka, baba anayeuza mtoto kwenye mizani ya sokoni huku amepakata chombo cha haja, na mimi nimembeba baba huyo kutoka mjini, nikamwambia mzee wa watu mbele ya mke wake na dada yake na watoto wa ndugu: huyu ni wewe.

Mzee Marwa, taratibu, akafunga vifungo vya sweta lake jekundu. Kimoja, kingine, mpaka juu. Fredi ameweka uso viganjani. Nikasikia mtoto mmoja ananong'ona, "Is he cancelled?" na mwingine anamjibu, "Big time."

Nikajaribu kuogelea. Nikacheka kile kicheko cha dukani, nikasema, "Mzee, ni utani tu! Si unajua, utani!"

"Utani," akasema. "Wakurya na Waluguru. Tangu lini?"

Na kweli, jamani, hatuna. Tuna utani na Wazaramo, tuna utani na Wanyamwezi, ningekuwa kwa Mzaramo pale angecheka akanipa na soda. Kwa Mkurya hakuna hata pa kushika.

Nikaangalia mlango. Nikamwona Fredi anaangalia mlango vile vile, na macho yake yalikuwa mekundu, na niwaambie ukweli, kilichoniuma pale si aibu yangu, aibu yangu nimeizoea, aliniuma yule kijana aliyeniambia hana pengine pa kwenda. Nikaanguka magoti kwenye zulia, suti na yote, nikasema, "Mzee, mtoto hana kosa. Aliniambia nilete Edmonton. Ilikuwepo, nimeishika kwa mikono hii, nikaiacha kwa sababu ilikuwa na ng'ombe, niliogopa mtasema tumewaletea ng'ombe wa karatasi. Hii nimeileta kwa ujinga wangu. Kwetu mtu mnene ni mtu mwema. Sikuwa na miwani."

Shangazi Gati alikuwa amegeukia ukutani, mabega yanatikisika, sikujua analia au vipi.

"Faini," Mzee akasema hatimaye.

Faini! Moyo ukanirudi kidogo, kwa maana mnajua wenyewe, kwenye mambo ya posa anayefukuzwa hapigwi faini, anayepigwa faini bado yumo. Nikasema niko tayari, taja.

"Simama. Vaa miwani ya dada. Soma picha yote kwa Kiswahili, kwa sauti, usiruke hata neno, na safari hii usinitungie."

Basi nikavaa miwani ya waridi. Nikasimama katikati ya sebule ya watu nikasoma. Gunia jingine bwana, nikasoma. Shamba, nikasoma. Bakuli nikalitaja kwa jina lake. Hata mbwa alikuwa na povu lake, anasema, "Mimi nilichukuliwa bure," na hapo watoto walishindwa kabisa, wakaanza kulia kwa kucheka, simu zinarekodi (ndiyo, video ipo, msiniombe), na Mama Neema wangu, mke wangu wa ndoa, ndiye aliyekuwa anacheka kuliko wote.

"Endelea," Mzee akasema. "Na msichana?"

Nikatafuta. Nikasogeza picha karibu, nikaisogeza mbali.

"Msichana hana, Mzee."

"Hana nini?"

"Hana maneno. Baba anayo, bwana harusi anayo, mbwa anayo. Yeye mchoraji hakumpa. Amekaa tu kwenye mizani."

Nilisema vile bila kupanga, nilikuwa natimiza faini yangu tu, lakini nikaona Mzee Marwa amechukua picha kutoka mikononi mwangu, ameitazama muda mrefu, na kicheko cha sebuleni kikapungua chenyewe. Kwa maana mchana kutwa tulikuwa tumezungumza ua, ua lina mwenyewe, ua litanyweshwa na nani, na hakuna kati yetu, si yeye wala mimi niliyejiita mwenye neno, aliyekuwa amemuuliza mwenye ua kitu chochote.

"Bhoke!" akaita. "Njoo hapa."

Akatoka jikoni, mikono ina unga, kanga kiunoni. Alikuwa amesikia kila kitu, uso mzima ulikuwa umevimba kwa kicheko alichokizuia.

"Huyu kijana unamjua?"

"Namjua, baba."

"Unamtaka?"

Bhoke akamwangalia Fredi, Fredi ambaye alikuwa na sura ya mtu aliyetapishwa, na kile kicheko kikamtoka machoni, kikabaki kitu kingine. "Dad," akasema, "I've been standing behind that door all day waiting for you to ask me." Halafu akalisema kwa Kiswahili, polepole, kwa sababu alitaka wazee wote walisikie: "Namtaka. Namtaka yeye, hivi hivi alivyo."

Mzee akashusha pumzi. Akafungua kifungo cha juu cha sweta, akafungua cha pili, akaitazama tena picha, na kile kitambi kikaanza kutikisika. Kwanza bila sauti. Kisha sauti ikaja, ile ya kusimamisha gari, akacheka mpaka kochi likalia, Shangazi Gati akageuka kutoka ukutani (alikuwa anacheka tangu zamani), na mimi nikakaa chini bila kukaribishwa.

"Posa imepokelewa," Mzee akatangaza. "Mjomba mtu hajapokelewa. Mambo ya mahari nitazungumza na mke wake."

Na ndivyo ilivyokuwa. Mama Neema ndiye aliyeyamaliza yote, kwa heshima na kwa miwani, na kwenye harusi mimi nilikabidhiwa kazi ya kuonyesha watu vyoo vilipo. Watoto wale wa mizani wanaonitesa hadi leo ni wale wale waliokaa chini siku ile. Naapa mbele yenu: sitacheka tena kichekesho ambacho sijaelezwa, na sitasoma tena kitu ambacho sikioni.

Lakini ngoja niwaambie na hili, maana ndilo sijalisema popote. Siku ile ile tukiwa tunarudi, Fredi tumemwacha kule kwa wakwe anakula, mimi na Mama Neema kwenye treni kutoka Liverpool Street, yeye anacheka peke yake, anatulia, anacheka tena, mpaka abiria wanahama viti. Tulipokaribia Woolwich akatulia moja kwa moja. Akaniangalia.

"Baba Neema," akasema, "wajomba zako walipokuja kwetu Kilosa, mimi nani aliniuliza?"

Nikakumbuka siku ile vizuri, wazee, pombe, mikeka, ng'ambo ya ukuta vicheko vya wasichana. Treni ikaingia stesheni, milango ikafunguka, watu wakashuka, sisi tumekaa.

"Ungeulizwa ungesemaje?" nikauliza, na naapa niliogopa kuliko nilivyoogopa kwa Mkurya.

Akachukua mkoba wake, akasimama, akanipa mkono ninyanyuke.

"Ningesema ndiyo," akaniambia. "Ila ningewaweka kidogo msubiri."